Maua Hayasubiri Kikao

Jumatatu, 4 Machi

Wewe uliyelishika daftari hili, nakuomba kwa hisani yako, lifunge. Kama huwezi kulifunga, basi soma, lakini usimwambie mtu neno hata moja: si mhasibu, si dereva, na Mkurugenzi ndiye kabisa usimwambie. Nina kazi moja tu na nimeipata kwa shida. Naandika kwa sababu nisipoandika nitayasema usingizini, na shangazi ninayeishi naye ana masikio ya sungura.

Mimi ni karani wa kituo hiki cha utafiti wa mpunga. Napokea barua, nachapa barua, naandika kumbukumbu za vikao. Leo nimeongezewa kazi. Mkurugenzi ameagiza kwamba kila mtumishi, awe mtafiti au mfagizi, awe mezani kwake kuanzia saa mbili asubuhi, na saa tano wote tuingie ukumbini kwa kikao cha kila siku. Mimi ndiye wa kuandika nani hayupo. Atakayeonywa mara tatu, kazi hana.

"Umenielewa, binti?"

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Usimwonee mtu haya."

Mimi ni wa kuwaonea haya hata paka. Lakini nakiri kwamba agizo lenyewe limenipendeza. Nimesoma shule za kengele tangu utotoni. Kengele ikilia unajua uko wapi duniani.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Wote wamefika isipokuwa mtafiti wa kuchanganya mbegu, yule Daktari ambaye ofisi nzima humwita Saa Mbovu akiwa hayupo. Dereva anasema ukipatana naye muondoke asubuhi, jifungie chai kwenye chupa, maana utainywa yote ukimsubiri.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempelekea Daktari barua asubuhi hii wenzake wakiwa mezani wanahangaika. Nimemkuta amelala kitini, mdomo wazi, tope mpaka magotini. Nimeweka barua mezani na kutoka kwa kunyata. Mkurugenzi aliponiuliza, nilisema nilichokiona. Nikachapa onyo la kwanza, na wala sikuumia. Nilijiona nimetenda haki.

Shangazi, ambaye ni fundi wa nguo na hufanya kazi sebuleni kwetu, aliacha kukanyaga cherehani nilipomhadithia.

"Analala kazini, na anapokea mshahara?"

"Ndiyo, shangazi."

"Hebu niulizie kama wana kiti cha pili."

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Daktari hakuja kikaoni.

Jumanne, 12 Machi

Mvua, kisha jua kali. Hakuja.

Ijumaa, 15 Machi

Leo nina mengi.

Niliota nimechelewa, nikaamka, nikavaa, nikafika kituoni kabla mlinzi hajafungua mlango wa mbele. Nikaona aibu kusimama pale kama mgeni, nikazungukia nyuma, yalipo majaruba ya mpunga. Mtu alikuwa ameinama katikati ya maji. Nilidhani ni mwizi wa mbegu. Kumbe ni Daktari.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mdogo wangu. Umetumwa kunihesabu hata alfajiri?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwambia nimewahi tu, kwa sababu ya ndoto. Akacheka, akanionyesha mahali pa kukanyaga nisizame.

Alikuwa ameshika suke la mpunga mkono mmoja na kibanio mkono mwingine, na miwani imeshuka mpaka nchani mwa pua. Akanieleza kazi yake kwa maneno mepesi. Kuna mpunga mmoja watu wanaupenda kwa ladha, lakini mafuriko yakiufunika siku chache unakufa. Kuna mwingine, wenye aina nne za ukoo mmoja, unaoweza kukaa chini ya maji kama chura, ila wali wake hakuna anayeurudia sahani ya pili. Anataka mtoto wa hawa wawili. Shida ni kwamba kila ua la mpunga lina mume na mke ndani ya kapi moja na hujioa lenyewe. Kwa hiyo kabla halijafunguka anakata ncha ya kapi, anatoa vifuko vya chavua kimoja kimoja bila kumgusa mke, kisha analifunika suke kwa mfuko wa karatasi. Maua ya suke la baba yakifunguka, anakuja kuwakung'utia chavua wale wake waliobaki wajane.

"Na yanafunguka lini?"

"Jua likishapanda. Kama saa tano hivi. Kukiwa na mawingu yanachelewa. Yanakaa wazi kitambo kidogo tu, kisha yanafunga, na yakifunga yamefunga."

"Saa tano ndiyo saa ya kikao."

"Ndiyo maana hamnioni kikaoni."

"Kwa nini usimweleze Mkurugenzi?"

"Nilimweleza. Akasema niyapange maua yangu vizuri zaidi."

Nikacheka, nikaogopa, nikafunika mdomo. Kisha nikamwuliza jambo lililokuwa likinikera tangu nilipomwona pale gizani: ni nani anayemwamsha?

"Hakuna," alisema. "Wewe una kengele. Mimi kengele ni mimi. Na nikuambie ukweli, kuna asubuhi hailii. Hapo inabidi nijiburute kama ng'ombe wa kukopa."

Kwa hiyo akilala saa tatu asubuhi, tayari ameshafanya kazi kuliko sisi wote. Nimeandika sentensi hiyo nikaitazama muda mrefu. Onyo la kwanza nililichapa mimi.

Jumatano, 20 Machi

Siku hizi nawahi kila asubuhi. Namshikia mifuko na kufunga lebo. Kila suke lina lebo yake ya karatasi ngumu inayosema mama ni nani na baba ni yupi kati ya wale wanne. Saa mbili naosha miguu, nakimbilia mezani. Hakuna anayejua.

Ijumaa, 22 Machi

Nimechapa onyo la pili. Mkurugenzi aliniamuru nisome kwa sauti kabla hajatia saini. Nilisoma kama mtu anayesoma hukumu ya ndugu yake. Mkataba wa Daktari unaisha na msimu huu. Akipata onyo la tatu, au msimu ukiisha bila mbegu, majaruba yatafukiwa yawe maegesho ya magari.

Jumamosi, 30 Machi

Daktari ana homa tangu juzi. Nimekwenda shambani peke yangu na nimemwandalia zawadi atakayoifurahia. Lebo zake ni za aibu, zimeandikwa kwa penseli, mwandiko wa kuku, tope juu. Nimeziandika zote upya kwenye karatasi safi, kwa kalamu yangu nzuri ya wino mweusi, herufi zimesimama kama askari. Zile kuukuu nimezitupa kwenye shimo la taka. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumapili, 31 Machi

Mvua kubwa, ya upepo. Shangazi ameweka sufuria chini ya bati linalovuja.

Jumatatu, 1 Aprili

Zote nyeupe.

Jumatatu hiyo hiyo, jioni

Sasa naweza kushika kalamu. Nitaandika kwa utaratibu.

Nilifika majarubani nikakuta lebo zinaning'inia safi kama meno. Wino wote umekwenda na mvua. Nilipita tuta hadi tuta nikitafuta hata herufi moja, nikapata doa la kijivu. Nilikimbilia shimo la taka, nikakuta limekuwa bwawa. Kumbe watu wa shamba huandika kwa penseli kwa sababu penseli haiogopi maji. Kila mmoja kituoni anajua. Mimi ofisini kwangu mvua hainyeshi.

Mbegu isiyojulikana baba yake haina kazi hapa. Kazi yote ya wiki zote zile nimeifuta kwa mkono wangu, tena kwa bidii.

Daktari alikuja akiwa bado amejifunga kanga shingoni kwa homa. Nilimweleza nikiwa nimesimama majini. Nilidhani atanifukuza. Akachuchumaa kwenye tuta, akashika lebo moja, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Kalamu ilikuwa nzuri?"

"Nzuri sana, Daktari."

"Na mwandiko?"

"Nilijitahidi."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka nikampigapiga mgongoni. "Panya wamenilia mbegu," alisema. "Ng'ombe wamenikanyagia. Lakini kuangamizwa na mwandiko mzuri! Hili sijapata kulisikia."

Kisha kicheko kikaisha, na uso uliobaki ulikuwa wa mtu mchovu sana. Alitazama jaruba la mwisho karibu na uzio. Pale alipanda mpunga wa akiba, aliouchelewesha kwa makusudi, na unaanza kutoa maua wiki hii. Wiki hii tu. Lazima yote yafanyike upya humo, na mikono miwili haitoshi.

"Na kikao?" niliuliza.

"Jua likitoka saa ya kikao nitakuwa hapa. Anifukuze."

"Na mimi?"

"Wewe utakuwa ukumbini. Utaandika kwamba sikuwepo. Andika ukweli, mdogo wangu, sitakulaumu."

Nilitamani anitukane.

Jumatano, 3 Aprili

Mawingu tangu asubuhi. Jana na leo tumeyaandaa masuke alfajiri, mimi nikikata makapi. Nimegundua kwamba ukishikilia pumzi mkono hutulia. Lebo zote ni za penseli.

Alhamisi, 4 Aprili

Nataka kuandika haya kabla hofu haijanirudia.

Saa tano tuliingia ukumbini. Nje mawingu mazito. Mkurugenzi alianza kuzungumzia nidhamu ya viti: watu wanaacha viti bila kuvirudisha. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona yangu, dirisha ubavuni. Kupitia dirisha hilo nilimwona Daktari mbali kule, peke yake, amesimama na mikono kiunoni akitazama mbingu.

Kisha jua likatoka. Halikuchungulia, lilitoka kama mtu aliyepiga teke mlango. Nikamwona Daktari anainama.

"Nani hayupo?" Mkurugenzi aliuliza.

Nikamtaja.

"Andika onyo la tatu."

Niliweka kalamu mezani. Sijui nani aliniinua. Miguu ilisimama nami nikawa juu yake.

"Binti, unakwenda wapi?"

"Maua yamefunguka, Mkurugenzi."

Mhasibu alinitazama kama mtu anayetazama jeneza.

"Na kumbukumbu za kikao ataandika nani?"

"Nitaandika nikirudi," nilisema, na sauti ilikuwa yangu. "Nitaandika pia kwamba mimi sikuwepo."

Nikatoka. Koridoni nilitembea kwa adabu. Nje nilivua viatu nikakimbia. Nyuma yangu nikasikia mtu anahema na kuita.

"Karani! Karani, ngoja, dada!" Alikuwa dereva. "Nimekaa ukumbini mwezi mzima, makalio yamekufa ganzi. Nipe kazi yoyote."

Daktari hakuuliza tumefikaje. "Wewe, dereva, funua mifuko. Kisha kata masuke ya baba, taratibu, usiyatikise. Mdogo wangu, njoo ukung'ute."

Sijapata kuona kitu kama kile. Maua yalikuwa yamefumbua midomo yote kwa pamoja, na vifuko vya chavua vinaning'inia nje kama hereni. Ukiligusa suke, vumbi jeupe linapaa juani. Nililishusha juu ya wake waliokatwa ncha, nikalizungusha kati ya vidole kama alivyonifundisha. Nilikuwa nashikilia pumzi yangu na yao pia. Lebo, mfuko, suke jingine. Lebo, mfuko.

Kivuli kikaniangukia. Mkurugenzi alikuwa amesimama kwenye tuta na viatu vyake vya kung'aa. Nilijua kazi yangu imekwisha, lakini mikono haikusimama. Nilikuwa katikati ya suke. Akafungua mdomo. Daktari, bila hata kuinua uso, akampa suke la baba.

"Mkurugenzi, nishikie hili. Liinue juu. Usilipumulie."

Na akalishika! Mkurugenzi wa kituo kizima akasimama mkono juu, amefunga mdomo, viatu vinazama polepole. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumjali. Baada ya kitambo tukamsikia:

"Yanafunga."

"Yaambie yasubiri kikao," dereva alisema, kisha akakumbuka anasema na nani, akajificha nyuma ya mpunga.

Mkurugenzi hakucheka. Alitazama lile ua mkononi mwake likijifunga, kapi kwa kapi, mpaka likawa punje ya kawaida isiyo na habari. Alilitazama muda mrefu.

"Mtajua lini kama mbegu zimeshika?" aliuliza.

"Baada ya wiki moja," Daktari alijibu.

"Kuanzia leo, kwa wiki moja, kikao kitakuwa alasiri. Wiki hii tu. Karani ni wako mpaka wiki iishe." Akanigeukia. "Kituo hakiendeshwi kwa huruma, binti. Kama hazikushika, onyo la tatu litatoka, na barua yako itatoka nalo."

"Ndiyo, Mkurugenzi."

Aliondoka na tope mpaka kwenye soksi. Ningepaswa kuogopa. Nimekula chakula cha jioni sahani mbili.

Jumatatu, 8 Aprili

Jana tulimaliza suke la mwisho. Leo ni siku ya kwanza maishani mwangu isiyo na kengele. Daktari aliniambia nipange siku yangu mwenyewe, akaenda zake kulala.

Nilifagia chumba cha mbegu. Nikakifagia tena. Nikapanga pini kwa ukubwa. Kila nilipokaa nilihisi kuna mtu mlangoni anayekuja kunigombeza, na hakuna aliyekuja, na hilo lilikuwa baya zaidi. Uhuru huu niliokuwa nauonea wivu ni mzigo.

Daktari aliporudi aliuliza nimefanya nini.

"Nimepanga pini."

"Zinaota?"

Nikainamisha kichwa. Akakaa karibu nami.

"Mimi asubuhi najiuliza swali moja," alisema. "Jua likizama leo, ni kitu gani nitakuwa nimekijua ambacho sasa sikijui? Nikikosa jibu, narudi kitandani bila haya. Nikipata, hata ukinifunga kamba nitaikata."

Jumanne, 9 Aprili

Mvua tena. Niliketi dirishani na swali lake. Nikaona mifuko ya karatasi shambani imelowa na kung'ang'ania masuke kama shati la mtu aliyetota. Nikajiuliza, hivi yale maua yaliyoshikwa na karatasi mbichi yanapumua?

Nilikwenda kwa shangazi nikaomba mishumaa.

"Umeme umekatika kazini kwenu?"

"Hapana, shangazi. Nasugua karatasi nayo ili maji yateleze."

"Elimu!" alisema, akanipa yote.

Nilisugua mifuko mipya mpaka vidole vikawa na ngozi ya mshumaa. Mvua ilipopungua nikaenda kuibadilisha. Daktari alinikuta huko nikiwa nimetota. Akatia maji juu ya mfuko mmoja kwa kiganja, yakateleza yote.

"Umebadilisha yote?"

"Nusu tu. Nusu nimeiacha kama ilivyokuwa, ili tujue."

Alinitazama kwa namna ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kunitazama, na nilisoma vizuri shuleni.

Jumatano, 10 Aprili

Nimeamka kabla saa yangu ya kengele haijalia. Hakuna aliyeniamsha.

Alhamisi, 11 Aprili

Daktari amenikataza kuchungulia mifuko. Nimetii. Nimezunguka jaruba kama kuku anayetafuta kiota.

Ijumaa, 12 Aprili

Zimeshika!

Nitaanza tena. Mkurugenzi alikuja asubuhi, safari hii na buti za mpira, mpya, bei yake bado imebandikwa kwenye kisigino. Dereva alikuja bila kuitwa. Daktari alinipa mimi mfuko wa kwanza niufungue. Ulikuwa wa kawaida, usio na mshumaa. Makapi yaliyokatwa ncha yalikuwa makavu, matupu. La pili tupu. La tatu tupu. Kwenye la nne, ndani ya kapi, kulikuwa na kitu kijani, kidogo, kimechomoza pale ncha ilipokatwa kama pua ya mtoto dirishani.

"Hiyo ndiyo?" Mkurugenzi alinong'ona.

"Hiyo ndiyo," Daktari alisema.

Chini ya mifuko ya kawaida tulipata pua chache, hapa na pale. Kisha tukafika kwenye ya mshumaa. Nilifungua wa kwanza na dereva akapiga kelele iliyowarusha ndege: suke zima limejaa pua za kijani! Wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Baba wote wanne wana watoto, na kila mtoto anajulikana jina. Daktari alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Miaka yote niliyofanya kazi hii," alisema, "sijawahi kupata hivi kwenye mvua."

Kisha akamwambia Mkurugenzi mifuko ile ni ya nani, na kwamba nusu iliachwa kwa makusudi. Mkurugenzi aliitazama mistari miwili ile, mmoja mtupu na mmoja umejaa. Alikuwa mtu wa hesabu zamani, sikuhitaji kumweleza.

"Nilipokuja hapa," alisema taratibu, "nilikuta watu wanachukua mishahara na kwenda kufuga kuku. Nikasema nitawashika kwa saa. Kuku walikuwa kweli. Lakini nilimfungia na asiyekuwa nao."

Akanigeukia. "Binti, onyo la tatu usilichape."

"Nilikuwa nimeshalichapa, Mkurugenzi."

"Basi lipake mshumaa, litengeneze mfuko."

Sote tulicheka, naye akacheka, na nikaona ana pengo la jino ambalo sikuwahi kuliona kwa muda wote huu.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimechapa agizo jipya na nimelibandika mwenyewe ukutani. Watafiti watapanga saa zao kufuatana na kazi wanayoitunza. Kila Ijumaa kila mmoja atasema ni kitu gani kimejulikana wiki hiyo. Mtaalamu wa udongo amenuna. Anasema afadhali kengele. Namwelewa kabisa.

Jumapili, 5 Mei

Mpunga umeinama. Shangazi alikuja kuuona, akazunguka jaruba lote. "Basi huku ndiko mishumaa yangu ilikokwenda," alisema, na mtaa mzima sasa unajua kwamba yeye ni mtafiti.

Jumatatu, 20 Mei

Tumevuna. Mbegu ziko kwenye bahasha, kavu, zinasubiri kupandwa na kuzamishwa. Mkataba wa Daktari umetiwa saini upya, na mimi kuanzia leo ni msaidizi wa utafiti. Mkurugenzi ameajiri karani mwingine. Ni wewe. Nimekuona ukipita langoni kuja kusailiwa. Ulikuwa umekumbatia bahasha yako kwa mikono miwili na ukamsalimia hata mlinzi aliyekuwa amesinzia. Kwa hiyo nimeamua kukuachia daftari hili mezani. Yale niliyokuomba mwanzoni, bado nakuomba.

Utataka kuniuliza mengi, na utaogopa. Uje. Usinitafute chumbani kwanza, anza kwa kutazama juu. Kukiwa na jua, zunguka jengo kwa nyuma, pita tangi la maji, fuata tuta la kushoto. La kulia linabomoka. Mvua ikinyesha, niko chumba cha mbegu. Gonga kwa nguvu, kwa sababu mashine ya kukaushia inapiga kelele. Kukiwa na mawingu sijui nitakuwa wapi, lakini mwulize dereva, yeye hujua kila kitu kabla hakijatokea. Usipige simu maua yakiwa wazi. Ukifika, simama upande ambao upepo hautoki kwako kuja kwetu. Nikiinua mkono, maana yake nimekuona, subiri nimalizie suke. Nisipoinua, uniite mara moja tu. Nitakusikia.